Hulagu na Batu: wajukuu wawili, njia mbili za kutawala

Wote ni wajukuu wa Genghis Khan, mwanzilishi wa dola ya Wamongolia, na wote walianza kwa moto. Batu aliiangusha Kyiv mwaka 1240. Hulagu aliingia Baghdad mwaka 1258, akamuua Khalifa al-Musta'sim na kuumaliza ukhalifa wa Abbasi mjini humo. Tofauti yao inaonekana baada ya vita.

Hulagu alihamia ndani ya nyumba aliyoibomoa. Uajemi ulikuwa na makarani, watoza kodi na wanazuoni, naye akawatumia. Kule Maragha, mji wa Uajemi, alimjengea mwanazuoni Nasir al-Din al-Tusi kituo cha kuchunguza nyota, kazi iliyoanza 1259, mwaka mmoja tu baada ya maafa ya Baghdad! Kufikia 1295 kitukuu chake Ghazan alikuwa amesilimu, na ukoo ukazidi kuwa wa Kiajemi. Abu Said, mtawala wa ukoo huo, alipofariki 1335 bila mrithi wa kiume, dola ikasambaratika.

Batu alikaa kando. Makao yake yalikuwa Sarai, karibu na mto Volga, penye malisho ya farasi. Wakuu wa Urusi aliwaacha kwenye viti vyao, mradi waje kuomba idhini na walete kodi. Utawala wa namna hiyo hauachi majengo ya fahari, lakini kwangu ndio uliokuwa wa busara zaidi: Moscow haikujinasua kabisa kutoka utawala huo hadi 1480.

Damu moja haikuzuia ugomvi. Mwaka 1262 vita vilizuka kati ya Hulagu na Berke, ndugu yake Batu aliyekuwa Mwislamu, naye Berke akashirikiana na Sultani Baybars wa Misri dhidi ya binamu yake.