Unga wa mchuzi wa mboga wa kutengeneza nyumbani: unafaa wapi, unashindwa wapi

Tuanze na jibu. Kwenye maharage, dengu, supu ya mboga na wali wa kuunga, unga wa mchuzi uliotengenezwa nyumbani kwa mboga tupu unakishinda kidonge cha mchuzi cha dukani. Kwenye mchicha wa dakika tano au mayai ya kukaanga, kidonge kinaushinda. Kidonge huyeyuka palepale kikaachia chumvi na vikolezo vyake vyote. Unga wa nyumbani ni mboga halisi iliyosagwa, na mboga kavu inahitaji maji na angalau dakika 15 za moto mdogo kabla haijatoa ilichonacho. Anayeunyunyizia juu ya chakula kilichokwisha kuiva anatafuna vumbi la karoti.

Lalamiko kubwa dhidi ya unga huu ni kwamba "haukolei". Mara nyingi kinachokosekana ni chumvi tu. Lebo huorodhesha viambato kuanzia kilicho kizito zaidi, na kwenye vidonge vingi chumvi ndiyo ya kwanza, mara nyingi karibu nusu ya uzito wote. Kidonge cha gramu 10 cha namna hiyo kinatia sufuriani kama gramu 5 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Mchanganyiko tunaoueleza hapa una asilimia 20 ya chumvi. Kijiko kimoja cha chakula, yaani gramu 8 hivi, kwenye lita moja ya maji kinaleta gramu 1.6 tu. Iliyobaki unaitia kwa mkono wako, na hapo ndipo penye faida kwa nyumba yenye mgonjwa wa presha.

Kwa asiyekula nyama kabisa ipo sababu nyingine ya kujitengenezea. Kidonge kinaweza kuwa na picha ya karoti mbele, na nyuma, kwa herufi ndogo, kikawa na E631 au E635. Vikolezo hivyo huweza kutolewa kwenye nyama au samaki, na huweza pia kutokana na wanga uliochachushwa. Namba peke yake haikwambii ni kipi.

Vipimo vya chupa moja, karibu gramu 250, ni hivi, vyote vikiwa vikavu tayari: uyoga gramu 50, kitunguu maji 40, nyanya 30, karoti 30, kitunguu saumu 15, majani ya selari au giligilani 10. Ongeza chumvi gramu 50, sukari 8, manjano 5, mbegu za giligilani zilizokaangwa kavu 5, pilipili manga 3, na unga wa wanga wa mahindi 8. Sokoni nunua uyoga gramu 600, vitunguu maji 400, nyanya 600 na karoti 300, maana mboga hizi ni maji matupu: nyanya hubakiza gramu tano au sita kwa kila mia, uyoga kama kumi. Tumia mizani ya jikoni. Kikombe hakifai hapa, kwa sababu uyoga mkavu uliokatwa hujaza kikombe kwa uzito wa manyoya.

Usipunguze uyoga. Ndio unaobeba kile kinachofanya mchuzi uonekane kama una nyama. Mwaka 1908 Kikunae Ikeda wa Tokyo alitambua kwamba utamu wa supu ya mwani wa kombu unatokana na glutameti. Nyanya mbivu inayo ya kutosha. Uyoga uliokaushwa unaleta kiambato kingine, guanileti, na viwili hivi vikikutana ladha hupanda kuliko kuvijumlisha tu. Ndiyo maana unga wa karoti, vitunguu na manjano bila uyoga unanukia vizuri lakini mchuzi unabaki mwepesi mdomoni. Uyoga mkavu wa shiitake ndio unaoongoza kwa guanileti, ila bei yake ni kubwa. Uyoga aina ya mamama unaouzwa masokoni unatosha. Mwani wa Zanzibar, ambao wengi hudhani utachukua nafasi ya kombu, haufanyi kazi hiyo: ni wa jamii nyingine, hulimwa kwa ajili ya karajinani, kigandishi cha vyakula, na kazi yake ni kuufanya mchuzi uwe mzito.

Kazi kubwa ni kukausha, na unga mwingi huharibikia hapo. Kata uyoga na nyanya unene wa milimita 5, vitunguu na karoti milimita 3. Toa mbegu na maji ya nyanya. Karoti zipitishe kwenye mvuke dakika mbili au tatu kwanza, la sivyo zinapauka na kupata harufu ya majani makavu. Uyoga usiuloweke, upanguse tu kwa kitambaa. Kama una kikaushio cha umeme, weka nyuzi 60 za Selsiasi: uyoga saa 6 hadi 8, vitunguu na karoti 8 hadi 10, nyanya hata 14. Oveni nayo inafaa ikishuka hadi nyuzi 60 au 70, mlango ukiachwa wazi kidogo kwa kubanwa na mwiko ili mvuke utoke. Usipandishe moto kwa haraka ya kumaliza. Ngozi ya nje hukauka ikafungia maji ndani, kipande kikaonekana kimekauka kumbe kiini bado kibichi, na wiki mbili baadaye chupa nzima ina ukungu.

Jua ni la bure, lakini lina masharti. Trei zifunikwe kwa chandarua, ziingizwe ndani kabla jua halijazama kwa sababu ya umande, na zipate siku mbili au tatu mfululizo za jua kali. Majani yakaushwe kivulini, vinginevyo yanageuka rangi ya majani ya chai. Pwani wakati wa masika usijaribu kabisa. Na vitunguu, popote utakapovikaushia, nyumba itanuka siku nzima, hilo halina dawa.

Kipimo cha ukavu ni sauti. Karoti na uyoga vikatike kwa mlio. Kipande kinachopinda bila kukatika kirudi motoni. Nyanya ipime ikishapoa, kwa sababu ikiwa moto hulegea hata kama imekauka. Kisha jaza vipande kwenye chupa ya kioo mpaka theluthi mbili, ufunge, uitikise kila siku kwa siku saba. Ukiona matone kwenye kioo, vyote virudi kwenye kikaushio. Wengi huruka hatua hii, kisha wanailaumu hali ya hewa.

Kusaga kufanywe kwa vipindi vya sekunde 10, mashine ikipumzishwa katikati. Kisu kikipata moto, sukari ya nyanya na vitunguu huyeyuka na unga unajikusanya chini kama gundi. Saga uyoga kwanza peke yake pamoja na chumvi, maana punje za chumvi zinasaidia kuuvunja. Nyanya na vitunguu vije mwisho vikiwa na ule wanga wa mahindi. Ngoja dakika mbili kabla ya kufungua kifuniko, la sivyo vumbi la pilipili manga litaingia puani. Pitisha kwenye chekecheo laini, makapi yarudi kusagwa. Mwishowe tandaza unga kwenye trei, uukaushe tena nusu saa kwa nyuzi 60, na uache upoe kabisa ndipo uufunge. Bila hatua hii ya mwisho unga hugandamana ndani ya siku chache, hasa pwani.

Hamira ya kuokea mikate haina nafasi humu, kwani ni chungu na bado ni hai. Ile chachu lishe ya vipande vya njano, iliyokwisha kuuawa kwa joto, ukiipata, gramu 20 zinaongeza uzito mzuri wa ladha. Si lazima. Asiyekula vitunguu aviondoe vyote viwili na kutia robo ya kijiko cha chai cha mvuje, akikumbuka kwamba mvuje wa unga mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano.

Jikoni, maharage ndiyo yanayoulipa vizuri zaidi: vijiko viwili vya chakula kwa nusu kilo ya maharage makavu, vitiwe yakishalainika, dakika 20 kabla ya nazi. Kwenye wali, changanya kijiko kimoja na maji ya moto ya kupikia, uache dakika 10, ndipo utie mchele. Ukiutupa kwenye mafuta ya moto pamoja na kitunguu, unaungua mara moja na kuacha uchungu. Ndizi za nazi zinaupenda, ila manjano yake yatabadilisha rangi ya tui. Kama hutaki rangi hiyo, yaache.

Chupa ikae mbali na jiko, kijiko kiwe kikavu, na usiunyunyize moja kwa moja kutoka chupani juu ya sufuria inayofuka mvuke. Kwa miezi mitatu harufu iko juu. Baada ya hapo inafifia, ingawa unga ukiwa mkavu hauozi.

Asiye na siku mbili za kazi hii yote akaushe uyoga peke yake. Gramu 100 za uyoga mkavu uliosagwa na gramu 25 za chumvi, basi. Vitunguu na nyanya atavikata vibichi sufuriani kama kawaida. Atapata sehemu kubwa ya ladha hiyo kwa kazi ndogo zaidi, na kwa nyumba nyingi hicho ndicho tungekishauri.