Pawabanki: kabla ya kuuliza inajaza simu mara ngapi, uliza yenyewe inajaa lini

Malalamiko ya wasomaji yamekuwa ya aina moja tangu mvua zianze. Wa kwanza anatoka Ahero. Pawabanki yake imeandikwa 30000 (ni mAh, kipimo cha uwezo wa betri) kwa herufi za dhahabu, na kila stima ikipotea anaikuta na taa moja. Mwanafunzi aliyepanga chumba Maseno anasema yake hulala kwenye soketi usiku kucha na asubuhi taa ya nne bado inapepesa. Dada wa kibanda cha M-Pesa huko Kondele amekuwa akiirudisha yake dukani, mwenye duka anaichomeka, taa zinawaka, anaambiwa madam hii iko sawa kabisa.

Na kweli iko sawa. Niliwaomba wote wanitumie picha ya mgongo wa pawabanki, pale penye maandishi madogo ambayo lazima uvute picha ndipo uyasome. Chapa zilikuwa tofauti, bei tofauti, ila mstari mmoja ulifanana kwa wote: INPUT 5V 2A, yaani umeme unaoingia. Shida iko hapo, na ni nadra kukuta muuzaji wa Oginga Odinga Street hapa Kisumu anayeitaja.

Sote huuliza itajaza simu mara ngapi. Ina tochi? Ina skrini ya asilimia? Inaweza kuchaji simu mbili pamoja? Hayo muuzaji atakuimbia hata usipouliza, kwa hivyo mimi siyagusi. Nitakaa na swali moja: yenyewe inachukua muda gani kujaa?

Hesabu yake ni ya darasa la sita. Chukua namba kubwa iliyo kwenye boksi, zidisha kwa 3.7, gawa kwa 1000. Ukianza na 20000 unapata wati-saa 74, ndicho kiasi cha umeme kinachotakiwa kuingia. Halafu nenda kwenye huo mstari wa INPUT uzidishe volti kwa ampea: 5 mara 2 ni wati 10. Sasa 74 gawanya kwa 10. Ni zaidi ya saa 7, na hiyo ni ya karatasini. Umeme mwingine hupotea njiani ukawa joto, na betri ya lithiamu ikikaribia kujaa hupunguza mwendo yenyewe ili isiharibike. Weka saa 9, au 10. Ile ya 27000 kwa mwendo huohuo itakula saa 13 bila haya.

Kwa mtu ambaye stima yake haikatiki, saa 10 si kitu, anaichomeka akilala. Kwetu stima huja kwa vipande. Inapotea saa moja jioni, inarudi saa nne, inaenda tena alfajiri. Fungua gazeti usome tangazo la Kenya Power la sehemu zitakazozimwa kwa matengenezo, uone ni mara ngapi limeandikwa saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Umeme ukirudi una dirisha dogo, na ndani ya dirisha hilo simu inataka, laptopu inataka, pasi ya sare za watoto inataka. Pawabanki ya 20000 inayoingiza wati 10 ni jerikeni kubwa chini ya mfereji unaodondoka: ukubwa wake haukusaidii, maji yatafungwa kabla hayajafika nusu.

Ndiyo maana nasema bila kuona aibu: ya 10000 inayoingiza wati 18 ni bora kuliko ya 30000 inayoingiza wati 10. Hiyo ndogo inataka wati-saa 37. Ukiipa saa mbili za stima, sehemu kubwa imeshaingia. Hiyo kubwa, katika saa hizohizo mbili, haijapata hata robo, nawe umelipia robo tatu zilizobaki.

Kuna jambo moja la kando ambalo likikosewa linaua yote. Pawabanki yenye uwezo wa kuingiza wati 18 haitafanya hivyo ukiichomeka kwenye chaja ya zamani ya kabambe, ile simu ndogo ya vitufe. Itapokea kile chaja inachotoa, basi. Soma chaja nayo, kwenye OUTPUT: ikiwa imeandikwa 5V 1A pekee, hiyo ni wati 5, na umerudi kulekule. Unatafuta iliyoandikwa pia 9V 2A, na waya wa maana. Baadhi ya chaja za simu zinazojisifia kasi hutoa kasi hiyo kwa simu za chapa yake tu. Ukichomeka kitu kingine zinarudi volti 5. Kwa hivyo ijaribu dukani na chaja utakayotumia nyumbani. Ibebe mfukoni.

Sasa tuzipange.

1. Oraimo, ila si kila Oraimo

Nina upendeleo, na hakuna anayenilipa kuwa nao. Oraimo ni chapa ya Transsion, haohao wa Tecno, Infinix na itel, na unaweza kuona kwamba wametengeneza vitu vyao wakimfikiria mtu ambaye stima yake ni ya kubahatisha. Ninayoipendekeza ni ya 10000 yenye tundu la Type-C linaloingiza na kutoa, na mgongoni imeandikwa 9V 2A upande wa INPUT. Ukiwa na familia na simu nyingi, chukua ya 20000 yenye maandishi yayo hayo. Ya 10000 ya kasi nimekuwa nikiiona kati ya shilingi 2,000 na 3,000, kutegemea duka na jinsi ulivyovaa siku hiyo.

Angalizo: Oraimo hiyohiyo inauza nyingine za wati 10, ndani ya maboksi ya kijani yanayofanana kama mapacha, tena mara nyingi ndizo zinazopangwa mbele. Jina la chapa halitakuokoa. Geuza boksi.

Sababu yangu ya pili ya kuipenda ni kwamba ikiharibika kuna mahali pa kwenda. Carlcare, kitengo cha huduma cha Transsion, kipo Kisumu na kipo Nakuru. Hutapanda basi la usiku kwenda Nairobi kwa sababu ya tundu lililolegea. Chapa nyingine nzuri zina waranti ya kwenye karatasi tu. Ukiuliza itatekelezwa wapi, muuzaji anakohoa.

2. Xiaomi, ile ya Redmi ya 20000

Hii inaingiza wati 18, kwa tundu la zamani la micro-USB au kwa Type-C, upendavyo. Ninawaheshimu pia kwa jambo lingine: wameandika wazi kwamba kati ya hizo 20000, zinazofika kwenye simu ni 12000. Msishtuke. Namba kubwa ni ya seli za ndani, zinazofanya kazi kwa volti 3.7, simu inapewa volti 5, na kupandisha volti kuna gharama yake. Huo si wizi, ni fizikia, na kila pawabanki duniani iko hivyo. Tofauti ni nani anakuambia.

Mbona basi ni ya pili? Kwanza, ni nzito. Pili, feki zake zimejaa. Boksi la halali lina kibandiko cha kukwangua chenye namba ya kuhakikisha kwenye tovuti ya Xiaomi. Muuzaji akikuzuia kukwangua kabla ya kulipa, umeshajibiwa. Na ile ndogo ya Redmi ya 10000 usiichanganye na hii. Hiyo inaingiza wati 10 tu, nami siitaki.

3. Anker

Kwa ubora wa kazi pekee, pengine ingekuwa ya kwanza. Inajaa haraka, haichemki ovyo, inadumu. Lakini bei yake hapa mjini hufika mara mbili ya Oraimo, na maduka yenye Anker ya kweli ni ya kuhesabu kwa vidole.

Mtasema, si hao ndio waliorudisha pawabanki kwa sababu ya moto? Ndio. Juni 2025 walitangaza kurudishwa kwa PowerCore 10000 yenye namba A1263, zaidi ya milioni moja zilizouzwa Marekani kati ya 2016 na 2022, kwa sababu betri inaweza kupata joto kupita kiasi na kuwaka. Mimi naisoma habari hiyo kinyume na wengi. Kampuni iliweza kuzitafuta kwa sababu kila moja ina namba na jina la aliyeitengeneza. Hizo za bila jina zikiwaka nyumbani kwako, utamlaumu nani? Ila kama shangazi aliye ughaibuni alikuletea Anker ya zamani, igeuze leo. Ukiona A1263, acha kuitumia na usiichaji tena.

4. Zile za 27000

Namba hii ya ajabu ina asili yake. Zidisha kwa 3.7 utapata karibu wati-saa 100, na hapo ndipo mashirika ya ndege huweka kikomo cha pawabanki unayopanda nayo bila kuomba ruhusa. Kama unasafiri sana kutoka uwanja wa Kisumu, sawa, ibebe kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Kwa matumizi ya nyumbani, inunue tu ikiwa INPUT yake ni wati 18 kwenda juu. Vinginevyo haitajaa hata siku moja, nakuhakikishia.

5. Za bei ya kuokota

Chini ya shilingi 1,000, 50000 ubavuni, nyepesi kama sabuni iliyotumika. Seli nzuri kabisa ya duara, ile ya 18650, hubeba kama 3500 hivi na uzito wake hukaribia gramu 50. Fanya hesabu mwenyewe. Nimemaliza.

Lakini niseme neno kuhusu zile zenye kipaneli cha sola mgongoni, maana wazazi wetu wa ushago huuziwa sana hizi. Kipaneli cha ukubwa wa kiganja hutoa wati moja au mbili, jua likiwa la Ahero saa saba mchana. Kujaza 10000 kwa hicho ni zaidi ya siku mbili nzima za kuanika, na wakati huo kifaa chenyewe kinapikwa. Aliye na sola ya paa huko Bondo au Ugenya, ambayo ina tundu dogo la USB, hana haja ya kulipia wati 18 pia. Tundu hilo haliwezi kuzitoa. Mnunulieni ya 10000 ya kawaida, au hata 5000, na mtunzie pesa iliyobaki.

Sasa wauzaji. Kuna duka moja katikati ya mji, silitaji, ambapo niliomba tu kusoma mgongo wa pawabanki. Kijana akaweka mkono juu ya boksi. "Madam, nikitoa hii nailoni utakuwa umenunua." Maandishi ninayotaka yamo ndani, ameyafunika, na ananitaka nilipe ndipo nijue nimelipia nini. Nikauliza inaingiza wati ngapi. Akasema, "Hii ni fast, kastoma wangu, fast kabisa." Fast ngapi? "Ni orijino." Ukutani nyuma yake limebandikwa lile tangazo tunalolijua sote, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili afaidike nazo. Maelezo. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 ikafuata hapo. Tangazo la ukutani si sheria, hata likiandikwa kwa herufi nyekundu. Simaanishi ukamshtaki kijana wa watu kwa pawabanki. Namaanisha ukitaja tu Katiba kwa sauti ya kawaida, wateja wengine wakisikia, nailoni hutoka haraka ya ajabu. Nimeona ikitoka.

Na hii bei ya "imetoka Nairobi, kuna nauli" imenichosha. Boksi moja la kubebwa kwa kiganja linaongezewa shilingi 500 za usafiri, wakati boksi zima lenye pawabanki hamsini limekuja kwenye buti ya basi kwa bei ya abiria mmoja. Uliza bei mtandaoni kwanza, ionyeshe kwenye simu, kisha mnyamaze nyote wawili. Soko la Kibuye siku ya Jumapili mtapatana vizuri zaidi, lakini pale waranti ni ya uso kwa uso: ukimkosa Jumapili ijayo, imekwisha.

Ukishanunua, dai risiti yenye jina la modeli na tarehe, si "pawabanki 1". Hiyo ya mwisho haitakusaidia popote penye kaunta. Wakikuambia kitabu cha risiti kimeisha, wakutumie ujumbe wenye modeli na bei kwa namba ileile uliyolipia M-Pesa, ukiwa bado umesimama hapo.