Meno ya buti kwa barafu ya Kilimanjaro: uzoefu wangu

Wenzangu wa Dar mnaojiandaa kupanda Kilimanjaro mwishoni mwa Novemba, au mnaotaka kuwa kileleni tarehe 9 Desemba, Siku ya Uhuru: mkishapata koti zito na tochi ya kichwani, tafuteni na meno ya buti. Ni mpira mnene unaovutwa kuizunguka buti, na chini yake kuna minyororo yenye meno mafupi ya chuma. Yangu niliagiza kwa muuzaji wa Kariakoo, bei haikufika hata nusu ya bei ya buti. Nimeyatumia njia ya Marangu na nayasifu kwa moyo wote, ila yana masharti yake.

Huku kwetu vuli ikichachamaa, Jangwani hakupitiki. Kule juu mvua hiyohiyo inashuka ikiwa theluji. Mchana jua linaiyeyusha kidogo, usiku inaganda tena, na alfajiri njia imekuwa barafu ngumu inayong'aa. Hapo hata soli nzuri namna gani inateleza.

Kutoka kambi ya Kibo, kama mita 4,700 hivi, tulianza kupanda usiku wa manane. Changarawe ilikuwa imegandamana kwa baridi na buti zilishika zenyewe, kwa hiyo meno yalibaki kwenye begi. Hata Jamaica Rocks, eneo la mawe makubwa chini kidogo ya Gilman's Point, pale njia ya Marangu inapofika ukingo wa kreta, usiyavae kama mawe yako wazi. Chuma juu ya jiwe kinateleza, na makali yanaisha bure. Mimi niliketi Gilman's nikayavaa. Unaanza na ncha ya buti, kisha unashika ulimi wa mpira ulioko nyuma na kuuvuta mpaka upande kisigino. Kwa baridi ile mpira umekakamaa, na vidole ndani ya glavu nene havina nguvu. Kilichoniokoa ni mazoezi niliyofanya nyumbani Tabata, taa nimezima, glavu mkononi, mpaka mikono ikazoea. Msiliache hilo.

Kutoka Gilman's hadi Stella Point, na kuendelea mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895, unafuata ukingo wa kreta. Kuna mahali njia ni nyembamba, imelalia upande, na yote ni barafu. Hatua ya kwanza nilisikia meno yakiuma, kru, mguu ukatulia palepale. Nilifurahi mno! Nguvu ambazo ningezimaliza kwa kujizuia nisianguke zilibaki kwa ajili ya kupumua, na kule pumzi ndiyo mtaji.

Wakati wa kushuka, magoti yakiwa yamechoka, ndipo yalipolipa zaidi. Lakini jua likishapanda theluji inalainika na kushikamana na minyororo, hivyo inabidi ugonge buti kwa fimbo mara kwa mara, la sivyo unatembea juu ya donge. Ukifika kwenye changarawe, vua. Na kwa miinuko mikali kama ya Western Breach, njia ya upande wa magharibi, msiyategemee haya. Kule kuna vifaa vyake, vyenye meno marefu yanayotokeza mbele.

Jambo moja limeniuma sana. Kiongozi wetu, aliyetuangalia usiku kucha kama wadogo zake, alikuwa na buti zilizolika soli na hakuwa na meno. Kampuni inatoza wateja pesa yote ile, inashindwaje kumnunulia? Kabla ya kulipia safari, ulizeni viongozi wenu watavaa nini kwenye barafu. Mkipigwa chenga, tafuteni kampuni nyingine.

Kasoro ya haya yangu ni kutu. Ni chuma cha kawaida, na hewa ya chumvi ya Dar haina huruma. Niliporudi niliyaosha, nikayakausha juani, nikayapaka mafuta ya cherehani na kuyafunga kwenye gazeti. Mkienda kununua, bebeni buti yenyewe, kwa sababu buti za baridi ni nene kuliko viatu vyenu vya kila siku na namba ya mguu haitoshi kukadiria. Valisheni, kisha vuteni minyororo kwa nguvu huku na huku. Mpira ukihama, chukueni saizi ndogo zaidi.