Jua la utosini, paneli juu ya paa, na nyumba haina umeme

Na jua sina ugomvi, na paneli zenyewe sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na watu waliozipandisha juu ya paa langu, hasa fundi mmoja ambaye hadi leo nikimkumbuka nasonya mwenyewe.

Siku hiyo, mchana kweupe, umeme wa gridi, yaani ule wa nyaya za shirika, ulikatika. Nikatabasamu. Ndiyo siku niliyokuwa naingoja tangu nitoe pesa zangu! Nikasikia majirani wanaanza kulalamika, mimi nimekaa zangu kwenye kochi kama tajiri, nangoja friji iendelee kunguruma. Kimya. Feni imesimama, friji imesimama, intaneti hakuna. Nikaenda kuitazama inveta pale ukutani, lile boksi linalougeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani: kitaa chekundu kinawaka, na kwenye kioo chake imeandikwa kwamba gridi haipo. Hilo nalijua! Mimi nauliza habari za jua, ambalo lipo, tena linaunguza.

Nilipopiga simu, dada wa huduma kwa wateja alinisikiliza vizuri. "Pole sana mama, tunakutumia fundi." Sina neno baya juu yake. Fundi akaja baada ya siku kadhaa, wakati huo umeme ulisharudi zamani. Hakusalimia. Hodi yenyewe aliipiga akiwa ameshavuka kizingiti. Akaikodolea inveta macho, begi la vifaa hakulifungua hata zipu, kisha akacheka.

"Mama, hii nzima kabisa. Umeme ukikatika, na yenyewe inajizima. Ndivyo inavyotakiwa."

Nikamuuliza, sasa hizo paneli juu ya paa ni za nini? Akanijibu huku anasogeza mambo yake kwenye simu: "Za kupunguza bili. Kama ulitaka umeme usikatike, ungenunua betri." Halafu akanipa karatasi nitie saini kwamba nimehudumiwa. Nimehudumiwa nini? Sikusaini. Akaondoka na karatasi yake, na mlango hakuufunga.

Maelezo niliyoyapata baadaye si yake, ni ya mpwa wangu anayesomea umeme. Inveta ya aina hii haisimami peke yake. Inafuata volti na mapigo ya gridi, yale ya hezi 50 au 60 (mara 50 au 60 kwa sekunde), na ikiyakosa inapaswa kujikata ndani ya sekunde 2. Isipojikata, umeme wa paa langu unatoka nje na kuingia kwenye nyaya ambazo fundi wa shirika amezishika akijua hazina kitu. Hapo nimeelewa, na nimekubali. Friji yangu haina thamani ya roho ya mtu. Lakini kijana mdogo ameniambia hayo yote kabla maji ya chai hayajachemka. Muuzaji alikaa kwangu alasiri nzima, ananiita "mama yangu, mama yangu", na maneno yake ninayakumbuka moja moja: "Habari za kukatikakatika kwa umeme utazisikia kwa majirani." Nimezisikia kwangu.

Na hilo la betri si rahisi kama fundi alivyolitema. Ili nyumba iwake gridi ikiwa haipo, inahitajika inveta mseto, ile inayoweza kutumia paneli, gridi na betri, pamoja na betri yenyewe, pamoja na swichi ya kuitenga nyumba na laini ya nje kabla umeme wa ndani haujaanza kutembea. Inveta niliyouziwa haina mahali pa kuchomeka betri. Maana yake ni kuibadilisha, au kuongeza nyingine pembeni. Betri pekee ningeiweka wapi, juu ya kabati?

Haya, nisidhulumu. Bili imeshuka, tena imeshuka kweli, na ungeniuliza kabla ya siku ile ningekwambia nunua na macho yako umeyafumba. Paneli hazipigi kelele, hazidai mafuta, na mbali na kufuta vumbi sina kazi nazo. Waranti yake ni ya miaka 25, na sina sababu ya kuitilia shaka. Kwa mtu ambaye umeme wake haukatiki na ambaye mchana anashinda nyumbani, huu ni mpango mzuri.

Ila mchana mimi sipo. Na hapa ndipo hasira inaporudi, kwa sababu hata hiyo bili haikushuka kama nilivyoahidiwa. Muuzaji alipiga hesabu kana kwamba kila uniti itakayotoka juu ya paa ina bei sawa na ninayonunua. Siyo. Uniti ninayoitumia papo hapo ndiyo yenye bei hiyo. Inayokwenda nje kwenye gridi wakati nipo kazini, shirika linanihesabia kwa bei pungufu, kisha jioni nikirudi nawasha taa kwa umeme wa kununua, bei kamili. Iko kwenye mkataba, kwa maandishi ya sisimizi, na chini yake kuna sentensi inayosema kiwango hicho kinaweza kubadilishwa wakati wowote. Hayo si mambo ya kutishana. California walipunguza malipo hayo vibaya sana kwa walioomba kuungwa baada ya katikati ya Aprili 2023, lakini waliotangulia waliachiwa masharti yao ya zamani. Ujerumani nao, kwa sheria ya mwaka 2000, waliwahakikishia wenye paneli bei moja kwa miaka 20. Kumbe kumlinda mwenye nyumba kunawezekana, wakubwa wakitaka.

Eti pia muuzaji aliniambia joto la jua likizidi, na umeme unazidi. Mpwa wangu akacheka hadi akakaa chini. Kinachotakiwa ni mwanga; joto ni hasara. Paneli hupimwa ikiwa na nyuzi 25, na kila nyuzi moja juu ya hapo inapoteza kama asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu yake. Sijui kama muuzaji alidanganya au na yeye hajui. Sijaamua lipi ni baya zaidi.

Wiki hii kampuni imenitumia ujumbe, "Ndugu mteja, tupe maksi kati ya 1 na 5." Nimewapa 2: moja ya paneli, moja ya yule dada wa simu. Nilitaka kuongeza ya tatu kwa sababu ya bili, umeme ukakatika tena nikiwa naandika hapa. Zibaki mbili.