My Fair Lady (1964): filamu nzuri iliyonigusa na kunikera

Mimi ni mwalimu wa lugha, na nimeshawaona watoto wengi wakinyamaza darasani kwa sababu wenzao walicheka lafudhi ya kwao. Ndiyo maana tukio la kwanza la My Fair Lady, ambapo Profesa Higgins, mtaalamu wa matamshi, anayaandika matamshi ya Eliza, muuza maua wa Covent Garden jijini London, na kumkejeli mbele ya watu, lilinichoma kabla sijaanza kufurahia nyimbo.

Filamu hii ya George Cukor imetokana na tamthilia ya muziki iliyotamba Broadway kuanzia 1956, nayo ilichotwa kutoka Pygmalion, tamthilia ya George Bernard Shaw. Inakaribia saa tatu, lakini sikuchoka. Mavazi ya Cecil Beaton katika mbio za farasi za Ascot, karibu yote meusi na meupe, yanatosha kumfanya mtu airudie sehemu hiyo.

Kilichonisumbua ni sauti. Nyimbo nyingi za Eliza hazikuimbwa na Audrey Hepburn bali na Marni Nixon, na sikio linatambua mahali sauti moja inapoiachia nyingine, ilhali Rex Harrison, anayeigiza Higgins, alikataa kufuatisha midomo kwenye nyimbo zilizorekodiwa awali, akafichiwa kipaza sauti kidogo ndani ya tai ili aimbe papo hapo. Katika kisa cha mwanamke anayefundishwa kusema kwa sauti isiyo yake, mwanamume ndiye aliyeachiwa sauti yake mwenyewe. Hilo linaniuma.

Kwa hiyo tukio ninalolipenda kuliko yote ni lile ambalo Eliza haimbi. Wamerudi kutoka dansi ya ubalozini, Higgins na rafiki yake Kanali Pickering wanapongezana kwa ushindi wa dau lao, kwamba muuza maua anaweza kufundishwa hadi apite kama bibi wa tabaka la juu, naye Eliza amesimama pembeni bila kuulizwa hata kama amechoka. Hepburn anayasema yote kwa uso, hadi anapomrushia Higgins ndara zake.

Mwisho sikuukubali. Shaw aliandika waziwazi kwamba Eliza anaolewa na Freddy, kijana anayempenda. Filamu inamrudisha kwa Higgins, ambaye, badala ya kumwomba radhi, anaulizia ndara zilezile. Hata hivyo ninaipendekeza kwa moyo wote, hasa nakala iliyokarabatiwa, kwa kuwa katika nakala chakavu niliyoitazama kwanza uso wa Hepburn katika tukio lile la usiku ulikuwa umemezwa na giza.