Una hela kidogo na bunduki ya bei nafuu ya kuwindia? Anza na kitako, darubini itasubiri

Meseji za bunduki za bei ya chini zinazonifikia zinafanana mpaka nimechoka kujibu moja moja. Mtu kanunua Savage Axis, au Ruger American, au Mossberg Patriot, mwanzoni kafurahi, halafu risasi zikaanza kutangatanga, leo tatu zimekaa pamoja safi kabisa, kesho zote zimehamia kulia, basi kabadilisha darubini. Wapi. Kabadilisha risasi. Wapi. Sasa anaulizia mtutu mpya, au auze kila kitu aanze upya. Nikimuuliza swali moja tu, kitako chako (yaani ule mwili wote wa plastiki au mbao unaobeba bunduki, kuanzia begani mpaka chini ya mtutu) pale mbele kikoje, ananijibu "kitako kizima, hakijapasuka".

Jamani, nani kasema kimepasuka?

Humu sitagusa kaliba gani, yaani unene wa risasi, inafaa kwa mnyama gani, wala urefu wa mtutu, hayo mmeshabishana vya kutosha na mtaendelea kubishana. Nachukulia bunduki unayo tayari, unaimiliki kihalali, umeshaulizia sheria ya kwenu inaruhusu kubadilisha nini na nini hairuhusu, na hela yako ni ya kubana. Nimepanga cha kubadilisha kwanza mpaka cha mwisho kwa mtazamo wangu, na upendeleo ninao, sifichi.

Tatizo linakaa wapi

Watu wanadhani bunduki ikiwa rahisi basi mtutu wake ni takataka. Siku hizi sio hivyo. Savage wanafunga mtutu kwa nati, njia inayowawezesha kuuweka sawasawa na chemba, pale risasi inapokaa, bila kumlipa fundi masaa mengi, na ndiyo maana Axis nyingi zinalenga kuliko bei yake. Ruger American ndani ya kitako ina vipande vya chuma vya umbo la V vinavyoukamata mwili wa bunduki, ile sehemu ya chuma yenye boliti, usicheze. Kazi nzuri tu. Sasa kiwanda lazima kipunguze gharama mahali, na mahali penyewe ndio hapo unaposhika kwa mkono wa mbele: plastiki iliyomiminwa, ndani tupu, ina vijimbavu viwili vitatu vya kuishikilia basi. Ibane kwa vidole kuelekea kwenye mtutu uone inavyojipinda, kama rula ya mwanafunzi.

Kwa nini hilo likusumbue? Risasi ikitoka mtutu mzima unatetemeka. Hauzuiliki, na wala hauna shida, mradi utetemeke vilevile kila safari, maana hapo risasi zitaangukia palepale. Mtutu unatakiwa uelee, yaani kuanzia unapochomoza kwenye mwili wa bunduki mpaka mdomoni usiguswe na kitu chochote. Sasa kitako kikiugusa risasi ya kwanza, ya pili kisiuguse kwa sababu umeshika tofauti kidogo, ya tatu kikauegemea kwa upande, hapo umepiga kwa bunduki tatu tofauti. Na kumbuka dakika moja ya pembe, ile MOA mnayoitaja kila siku, ni kama sentimita 2.9 kwenye mita 100, kwa hiyo kosa dogo la mezani likifika mita 200 au 250 linakuwa mnyama aliyejeruhiwa anakimbilia kichakani, na hilo mimi silipendi hata kidogo.

Ile tesiti ya karatasi mnaifanya vibaya

Hii ndio inayoniudhi kuliko zote. Kila mtu anaijua tesiti ya kupitisha karatasi kati ya mtutu na kitako. Anailaza bunduki mezani, anapitisha karatasi, inateleza mpaka mwisho, anasema "mtutu wangu unaelea". Unaelea mezani! Porini hupigi bunduki ikiwa imelala mezani haijaguswa na mtu.

Fanya hivi. Toa risasi zote, toa magazini, fungua boliti uangalie chemba kwa macho na uiguse kwa kidole, kisha boliti itoe kabisa uiweke pembeni. Iegemeze bunduki kwenye mfuko wa mchanga au kwenye stendi yake ya miguu miwili, ishike hasa unavyoishika ukiwa unapiga, shavu juu ya kitako, bega nyuma, uzito wako mbele kidogo. Sasa mtu mwingine ndio apitishe karatasi. Ikikwama, jibu umelipata. Halafu vuta mkanda, kwa wale mnaozungusha mkanda mkononi ili kutulia, uvute kwa nguvu ileile unayotumia ukiwa umepiga goti, karatasi ipitishwe tena pande zote mbili. Nyingi zinafelia hapa, kwa sababu mkanda unaivuta plastiki ubavuni na mtutu unaguswa upande mmoja tu, ndio yale matundu yanayohama yote pamoja halafu unailaumu darubini ambayo haina kosa. Stendi ya miguu miwili nayo ni hivyohivyo, ukiisukuma mbele plastiki inapanda juu.

Imepita kote? Basi shukuru, ruka mpaka namba mbili, hela yako ya kitako kaitumie kwingine.

Namba moja: kitako

Chaguo langu ni Boyds, na sitajifanya nimezipa zote nafasi sawa. Ni kampuni ya Mitchell, South Dakota, huko Marekani, wanatengeneza vitako vya mbao, hasa mbao za matabaka, zile karatasi nyembamba za mbao zinazogandishwa pamoja kwa gundi na shinikizo. Hiyo mbao ya matabaka haijipindi kizembe, unyevu hauichezei kama mbao moja nzima, na pale mbele ni kitu kizima, hakuna utupu. Ibane kwa vidole utakavyo. Kizuri zaidi, wanazikumbuka bunduki za bei ya chini, Axis ipo, Ruger American ipo, wakati watengenezaji wengi wa vitako wanaiwaza Remington 700 tu kana kwamba dunia haina bunduki nyingine.

Ukiweza kujibana kidogo chukua ule muundo wao wa At-One, unarekebisha urefu wa kitako na kimo cha pale panapokaa shavu kwa kubonyeza kitufe. Vitako vingi vya kiwandani vya bei ya chini sehemu ya shavu iko chini mno, vimechorwa kana kwamba hutafunga darubini, kwa hiyo unaning'iniza kidevu hewani unatafuta picha. Shavu likikaa vizuri hata darubini ya kawaida inaonekana imepanda cheo.

Mabaya yake? Ni kizito kuliko plastiki, na ukiwa mtu wa kupanda milima utalisikia hilo begani. Mbao nayo inaweza kuhitaji msasa kidogo ndani ili mwili wa bunduki ukae vizuri, na ukitaka kazi safi kabisa fundi anautandikia epoksi pale unapokaa. Mimi hayo nayasamehe. Wewe usiposamehe, angalia Bell and Carlson, wana vitako vyenye bamba la alumini ndani, vizuri sana, ila hakikisha kwanza kipo cha bunduki yako. Magpul Hunter ni plastiki pia lakini plastiki ya maana, imekazwa, na kwa Ruger American wanacho. Chesisi za alumini, zile fremu za chuma zinazochukua nafasi ya kitako, ni tamu kwenye kiwanja cha shabaha, ila kubeba porini siku nzima, hapana, labda ubebewe.

Kama hata kitako hela haitoshi: kwaruza ndani ya ule utupu wa mbele kwa msasa mbaya, toboa vitundu vidogo epoksi ipate pa kung'ang'ania maana plastiki haishiki gundi vizuri, laza vipande viwili vya mshale wa kaboni, mimina epoksi, acha ikauke kabisa. Inasaidia. Na usinipanulie mfereji wa mtutu kwa msasa ukadhani umemaliza, umeongeza nafasi tu, plastiki bado inajipinda.

Namba mbili: pete na besi za darubini

Fupi, lakini usiruke. Pete zinalikamata bomba la darubini, besi ni vibao vinavyozishika pete juu ya bunduki. Darubini imeshikwa na skrubu ndogo sana, na nyingi kati ya hizo zimefungwa na mtu wa dukani aliyekuwa na haraka na bisibisi ya bei rahisi. Zifungue zote, safisha mafuta, funga upya kwa bisibisi inayopima nguvu. Skrubu za juu ya pete kwa kawaida zinataka kama nyutoni mita 2 tu, ukizidisha unaikandamiza bomba la darubini, na mwongozo wa mtengenezaji ndio wa kufuata sio mimi.

Pete ninazozipenda ni Burris Signature, zile zenye vipande vya plastiki ndani vinavyojipanga vyenyewe, bomba halikwaruzwi na hata kama matundu ya skrubu ya kiwandani yamepinda kidogo darubini inakaa bila kunyongwa. Talley nazo nzuri, nyepesi, pete na besi ni kitu kimoja kwa hiyo skrubu za kulegea ni chache. Zile zisizo na jina za kwenye pakiti ya nailoni, waachie.

Namba tatu: triga

Kabla hujanunua, soma uliyonayo. Axis II inakuja na AccuTrigger, triga ya Savage wenyewe, unairekebisha mwenyewe kwa kufuata kitabu. Ruger American nayo inarekebishika, nguvu ya kuivuta kati ya ratili 3 na 5 hivi. Kuna watu wamenunua triga mpya hawajawahi hata kuigusa ile skrubu ya marekebisho, na muuzaji kanyamaza kimya anahesabu hela.

Kwa Axis ya kawaida isiyo na AccuTrigger, ambayo triga yake kweli inavutwa kama inagoma, Timney ndio jibu, hao wako kwenye kazi ya triga tu tangu 1946. Shida ni bei, ukijumlisha triga na ufundi unajikuta umesogelea bei ya bunduki yenyewe, ndio maana nimeiweka chini ya kitako. Kits za springi ni rahisi, sawa. Ila ninyi mnaokata springi ya kiwandani kwa koleo, acheni, acheni kabisa. Triga ikishabadilishwa, chemba ikiwa tupu, weka usalama uvute, toa usalama ukaisikilize haijidondoshi, funga boliti kwa nguvu, igonge kitako chini kwenye kitu laini. Ikijifyatua hata mara moja tu, haipakiwi risasi mpaka fundi aione.

Namba nne: darubini

Najua mtanirukia. Lakini darubini nzuri juu ya kitako kinachojipinda inakuonyesha vizuri tu mahali ambapo risasi yako haitaenda.

Ukishayamaliza ya juu, chukua 3-9x40, yaani inakuza mara 3 mpaka 9 na kioo cha mbele kina upana wa milimita 40, ya kampuni inayoeleweka, Leupold VX-Freedom au Vortex Crossfire II, zote zinatosha kwa mwindaji wa kawaida. Msikimbilie ukuzaji mkubwa. Gawanya upana wa kioo cha mbele kwa ukuzaji, 40 kwa 8 unapata milimita 5, huo ndio upana wa mwanga unaofika jichoni, sasa darubini ya 24x yenye kioo cha 50 inakupa milimita 2 na kitu, na jioni ndio wanyama wanatoka, utaona giza tu na nambari nzuri zilizoandikwa kwenye bomba.

Na hapa niseme la moyoni kuhusu hizi "kombo", bunduki imeshafungwa darubini tayari. Tangazo linasema imesetiwa. Imesetiwa wapi, na nani? Mara nyingi imepangwa kwa macho tu mtu akichungulia ndani ya mtutu, na hilo sio kosa, kosa ni kumuuzia mtu kwa maneno yanayomfanya aende nayo porini moja kwa moja bila kupiga hata karatasi. Halafu picha za matangazo! Utaona darubini, utaona boliti inayong'aa, utaona maganda ya risasi yamepangwa vizuri juu ya ubao, lile pengo kati ya mtutu na kitako hulioni, kamera imekatia palepale. Ukiomba picha ya upande huo unajibiwa "bosi hiyo ni orijino". Sijauliza kama ni orijino, nimeuliza kama inagusa! Wengine wanakuuzia "kiti ya kuboresha" ambayo ukiifungua ni kinobu cha boliti kikubwa, mkanda wenye mifuko, na stika. Kinobu! Na stendi ya miguu miwili juu, ile ile itakayoisukuma plastiki yako kwenye mtutu.

Risasi sikuzipa namba kwa sababu sio kitu cha kununua mara moja, ila kabla hujatumia hata senti kwenye orodha hii nunua aina mbili tatu zenye uzito tofauti, piga tatu tatu, na uache mtutu upoe katikati maana mitutu myembamba ikipata moto inahamisha matundu yenyewe na utaanza kutafuta mchawi. Kama aina moja inakaa pamoja na nyingine zinatawanyika, umepata risasi ya bunduki yako. Kama zote zinahamahama bila mpangilio, rudi kwenye karatasi, na safari hii mtu mwingine aishike karatasi wewe ukiwa umelala nyuma ya bunduki.