Ofisi ya mawakili iliyotukataza kuficha hukumu

Mume wangu ni mzaliwa wa Burundi, na amekuwa akiishi Dar es Salaam tangu 2004. Mwaka 2012 mahakama ya mwanzo ilimtia hatiani kwa shambulio, baada ya ugomvi wa mpaka wa kiwanja kule Mbagala, akalipa faini. Tulipoamua aombe uraia wa tajinisi, yaani ule anaopewa mgeni kwa kuomba, kishoka mmoja alituhakikishia kwamba kosa la faini halihesabiwi na kwamba tusiliandike kwenye fomu. Namshukuru Mungu kwamba kabla ya kujaza chochote tulipita katika ofisi ndogo ya mawakili karibu na Posta ya Zamani.

Wakili aliyetupokea, mama wa makamo, alitufungulia Sheria ya Uraia ya 1995 na kutusomea masharti: mwombaji awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyoitangulia awe ameishi humu jumla ya miaka isiyopungua 7, ajue Kiswahili au Kiingereza, tena awe mtu wa tabia njema. Hapo kwenye tabia njema ndipo alipokaa nasi karibu saa nzima. Alitueleza kuwa Waziri anayeamua maombi ya uraia halazimiki kutoa sababu anapokataa ombi, na kwamba uraia uliopatikana kwa kuficha jambo la msingi unaweza kufutwa baadaye, kwa hiyo hukumu ya zamani iliyoelezwa wazi ina nafuu kuliko hukumu iliyofichwa. Sijawahi kusikia jambo hili likielezwa kwa uwazi na upole namna ile.

Karani wao alifuatilia nakala ya hukumu mahakamani mara mbili hadi akaipata. Stakabadhi ya faini, iliyofifia ndani ya kopo la biskuti, waliitoa kivuli kinachosomeka. Mume wangu aliandika maelezo yake kwa mkono, na wakili akakata mstari uliosema jirani ndiye aliyemchokoza. “Baba, hapa andika ulichofanya wewe,” alimwambia.

Kasoro ipo kwenye malipo: ada ya ushauri tuliambiwa mapema, lakini gharama za kudurufu na kuthibitisha nakala zilijitokeza baadaye, na risiti tuliipata baada ya kuidai mara mbili. Kwa watu wanaodunduliza kama sisi, hilo linaumiza, nao wanapaswa kulirekebisha.

Ombi limeshapokelewa, nasi bado tunasubiri uamuzi. Kila mwezi karani hutupigia simu, hata pale asipokuwa na jipya la kutuambia.